Siku ya Ouarzazate kwa Jicho la Mpambaji wa Kumbi

Kazi yangu ni kupamba kumbi za harusi Dar es Salaam, kwa hiyo nguzo ya Kirumi hainishangazi. Nimesimamisha nyingi Sinza na Mbezi: boksi la plaiwudi, juu yake jibsamu, rangi ya kupuliza, taa ya njano miguuni, na ikifika saa nane usiku vijana wanazing'oa na kuzipakia kwenye Kenta kurudi stoo. Mdogo wangu wa kiume, anayeishi Ufaransa, anajua hilo vizuri. Tulipokutana Marrakech kwa mapumziko, nikamwambia nataka tutoe siku moja twende Ouarzazate kuona studio za filamu, alinitazama kwa huruma.

"Dada, ukae kwenye gari kwa muda wa saa nane kwenda na kurudi, ukaangalie plaiwudi ya wenzako?"

Hicho ndicho nilichokitaka hasa.

Ouarzazate uko kusini-mashariki mwa Marrakech, ng'ambo ya milima ya Atlas, kiasi cha kilomita 200 kwa barabara. Ni mji wa pembezoni mwa jangwa ambao watu wengi wameuona bila kuujua jina, kwa sababu kwenye filamu umeshajifanya Misri, Roma, Yerusalemu na Tibet. Watengenezaji wa filamu wanafuata jua na hewa kavu, mlima wenye theluji na tambarare ya mawe ndani ya mwendo mfupi, na mafundi waliokwisha kuizoea kazi hiyo kwa gharama ya chini kuliko Ulaya. Juu ya hayo, serikali ya Morocco huwarudishia watayarishaji wa nje asilimia 30 ya fedha wanazotumia nchini. Sehemu ya Lawrence of Arabia ya mwaka 1962 ilipigwa maeneo hayo, lakini studio yenyewe, Atlas Studios, ilianzishwa mwaka 1983 na mfanyabiashara wa Kimorocco, Mohamed Belghmi. Hadi wakati huo wageni walikuwa wanakuja na kila kitu na kuondoka na kila kitu.

Sasa, kuchagua safari. Marrakech kila kichochoro kina kibao cha safari ya siku moja, na bei zinakaribiana mno, ndiyo maana bei haikusaidii kuchagua. Kilichotofautisha ni maswali, na mdogo wangu aliyauliza kwa Kifaransa huku mimi nikimchokoza kwa kiwiko aulize lingine. Kiingilio cha studio kimo au hakimo? Mara nyingi hakimo. Unalipa mlangoni, na uwe na dirhamu taslimu. Chakula cha mchana? Hakimo, na mgahawa anauchagua dereva. Huyo dereva ndiye mwongozaji? Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo. Morocco mwongoza watalii ni mtu mwenye leseni. Dereva anaweza kukusimulia akiwa kwenye usukani, lakini mkifika kwenye kijiji cha kihistoria au kasri anakukabidhi kwa mtu wa hapo, na huyo mtu ama amelipiwa tayari, ama utamlipa wewe. Tukachagua kikundi kidogo, watu wa kujaa kigari kimoja, ambacho waongozaji wa pale walikuwa ndani ya bei. Tulilipa zaidi kidogo kuliko wa basi kubwa, na kwa kweli tofauti hiyo ndiyo iliyotupa siku yote.

Wenzetu walikuwa wazee wawili wa Kiholanzi, mke na mume, vijana wa Kihispania waliolala kabla hatujatoka mjini, na dada wawili wa Casablanca ambao hawakuwahi kufika kusini mwa nchi yao. Nawataja hao wa mwisho kwa sababu, bila wao, tungepata nusu ya hadithi. Kila dereva aliposema kitu kwa Kifaransa cha watalii, wao walimuuliza tena kwa Kiarabu cha Kimorocco, likatoka jibu la pili, refu na lenye vicheko, ambalo walitutafsiria. Ukiweza kuchagua kikundi, omba Mungu kiwe na wenyeji.

Dereva naye alipojua tumetoka Tanzania, neno la kwanza lilikuwa "Simba!" Moyo ulimtuma kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho ya mwaka 2025, RS Berkane ya Morocco walipolichukua kombe mbele yetu pale Amaan, Zanzibar. Nikamwambia mimi ni Yanga, msiba huo haunihusu. Dada za Casablanca wakamwambia kuwa hata wao Berkane si timu yao. Kuanzia hapo gari likachangamka.

Barabara inapanda hadi kwenye kipito cha mlimani cha Tizi n'Tichka, mita 2,260 juu ya usawa wa bahari. Anayejua Kitonga ya Iringa achukue Kitonga aikunje mara nyingi, kisha aiweke mahali ambapo theluji wakati wa baridi huweza kuifunga njia kabisa. Kama tumbo lako lina vita na kona, kaa mbele na usiguse simu. Mume wa Kiholanzi alisoma kitabu cha mwongozo hadi alipokuwa wa kijani. Wafaransa ndio waliofungua barabara hii ya magari wakati wa utawala wao. Kabla yake misafara ya ngamia na nyumbu ilipita Telouet, ambako ukoo wa Glaoui ulijenga utajiri kwa kuishika njia. Aliyeshika mlima ndiye aliyeshika chumvi, tende na watu waliopita. Thami El Glaoui, wa ukoo huo, alikuwa pasha, yaani gavana, wa Marrakech tangu mwaka 1912 hadi alipokufa mwaka 1956, na alishirikiana na Wafaransa. Dada za Casablanca walipolisikia jina lake walikunja midomo namna ambayo haikuhitaji tafsiri.

Upande wa Marrakech wa milima hiyo ulipigwa na tetemeko la Septemba 2023 lililoua watu karibu 3,000. Bado kuna vijiji ambavyo ukivitazama kwa mbali hujui nyumba inajengwa au ilibomoka. Dereva alipunguza sauti ya redio tulipopita, hakusema kitu, na hatukumuuliza.

Kwenye kona za juu wapo wauza mawe. Wanakunyoshea jiwe la mviringo lililopasuliwa katikati, ndani fuwele zinang'aa bluu kali, au nyekundu, au kijani kama cha soda. Vijana wa Kihispania waliamka kwa ajili hiyo tu. Mimi nililishika moja nikaangalia kwenye mikunjo, na pale rangi ilikuwa imejikusanya, kama inavyojikusanya kwenye jibsamu ukipuliza ukiwa karibu mno. Jiwe ni la kweli, fuwele ni za kweli, bluu ni ya kopo. Nilinunua lisilopakwa, jeupe la kijivujivu, kwa bei ndogo zaidi, na muuzaji akanipa mkono kama fundi anavyompa fundi mwenzake.

Aït Benhaddou tulifika kabla ya adhuhuri. Ni kijiji chenye kuta, kimekaa juu ya kilima kando ya mto Ounila, chote cha udongo, kuanzia nyumba za chini hadi ghala la nafaka kileleni. UNESCO walikiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1987. Sehemu ya Gladiator ilipigwa hapo, na watazamaji wa tamthilia ya Game of Thrones wamekiona kikiitwa mji wa Yunkai. Familia nyingi zimehamia ng'ambo ya mto kwenye umeme na barabara, na wachache tu ndio wamebaki ndani ya kuta.

Mwongozaji wa hapo, mzee mwenye kanzu ya kofia, alitupitisha kwenye lango kubwa upande wa mto. Wote tukapiga picha. Alitungoja tumalize ndipo akatuambia kwamba lango tulilokuwa tunalipiga picha lilijengwa kwa ajili ya filamu, The Jewel of the Nile, ya mwaka 1985. Filamu ikaisha, lango likabaki. Mke wa Kiholanzi alifuta picha yake papo hapo. Mimi nikarudi nyuma kuligusa.

Niliona kazi nzuri, kusema kweli. Lakini nilipoanza kuuliza kuhusu kuta nyingine, zile za kweli, ndipo mzee alipoacha mazoea ya kuongoza watalii na kuanza kuongea. Chini, alisema, ni udongo unaoshindiliwa kati ya mbao, tabaka juu ya tabaka. Juu, kwenye minara yenye nakshi, ni matofali mabichi. Kote unapakwa udongo uliochanganywa na majani makavu. Mvua ni chache lakini ikija inakuja kwa hasira, na ukuta usiopakwa upya huanza kulika kutoka juu, nakshi zikitangulia. Sikuhitaji mdogo wangu anitafsirie mikono ya yule mzee. Ilikuwa inakandika. Bibi yetu Handeni alikandika nyumba yake hivyo hivyo kila baada ya masika, na sisi wajukuu tulikanyaga udongo kwa miguu huku tukitukanana. Nilimwambia mdogo wangu amweleze. Mzee akauliza kama nyumba ya bibi ipo bado. Haipo, alipokufa hakuna aliyeikandika. Akatikisa kichwa, akaonyesha upande wa kilima ambako kulikuwa na vifusi vya rangi ile ile ya njia tuliyoikanyaga.

Nilifikiria Beit al-Ajaib pale Forodhani, ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 ikiwa katikati ya ukarabati. Orodha ya urithi wa dunia haikandiki ukuta. Mwenye nyumba ndiye anayekandika, au fundi aliyelipwa, na mwenye nyumba akishahamia ng'ambo ya mto, swali la nani alipe linabaki hewani.

Kwenye vijia vya kupandia, wachoraji wanachora kwa chai, zafarani na nili. Ile ya chai haionekani hadi karatasi ipitishwe juu ya moto wa gesi, ndipo picha ya kijiji inapojitokeza rangi ya kahawia. Ni mchezo wa kuuzia, ndiyo, lakini mkono wa kuchora ni mkono kweli. Ilinifurahisha kuliko fuwele.

Chakula cha mchana nakiruka. Tajini, mchuzi wa Kimorocco wa chunguni, ilikuwa ya kawaida, bei haikuwa ya kawaida. Bebeni mkate na machungwa kutoka Marrakech.

Kisha studio. Mlango wa Atlas umelindwa na sanamu kubwa za Kimisri, na ukiwa nje ya ukuta huo kwenye jua la saa nane mchana zinaonekana zimechoka, pua zimepauka. Tusidanganyane: saa hiyo ni mbaya kwa seti yoyote. Seti inajengwa kwa mwanga wa pembeni, wa asubuhi au wa alasiri, unaotengeneza kivuli kwenye kila mchoro. Jua likiwa utosini, hekalu la Farao linakuwa bati la kuezekea. Vijana wa Kihispania walikata tamaa hapo hapo, na mdogo wangu akaninong'oneza, "Si nilikwambia?"

Mwongozaji wa studio alikuwa kijana wa mjini humo, na alianza na kile wanachoanza nacho wote: akaliinua jabali kwa mkono mmoja. Watu wakacheka. Kuna ndege ya kivita kutoka ile ile The Jewel of the Nile, ambayo haijawahi kuruka na haitaruka. Kuna nyumba ya watawa wa Tibet iliyojengwa kwa ajili ya Kundun ya Martin Scorsese, ya mwaka 1997, ikiwa imesimama jangwani kwa miaka yote hiyo na rangi zake nyekundu. Na kuna Misri: ua wenye nguzo nene zilizojaa maandishi ya picha, ambao filamu moja inauacha, nyingine inakuja kuupaka upya.

Nilizunguka nyuma ya nguzo. Nyuma hakukuwa na nguzo. Ilikuwa nusu tu, kama gunzi lililopasuliwa, imeshikiliwa na mabomba ya jukwaa la ujenzi. Pale plasta ilipobanduka, zilichungulia nyuzi ndefu zinazofanana kabisa na mkonge, na mtu wa mkoa wa Tanga hawezi kuupita mkonge bila kuugusa. Plasta tupu hupasuka. Plasta yenye nyuzi hushikana, huwa nyepesi, na unaweza kuipindisha kwenye kalibu. Mimi siku zote nimebandika jibsamu juu ya plaiwudi na kubeba uzito usio na sababu.

Kijana akanikuta huko nyuma, ambako nadhani wageni hawatakiwi kukaa sana. Nikamwonyesha kwenye simu picha za kumbi zangu. Alizitazama moja moja, kisha akanirudisha mbele ya nguzo na kuanza kunifundisha rangi, na kikundi kizima kikasogea kusikiliza, hata wale Wahispania. Kabla ya kuongoza watalii alikuwa kibarua wa mafundi wa seti, akibeba ndoo. Jiwe, alisema, halina rangi moja. Unapaka ya chini, nyepesi. Unamwaga nyeusi ya maji maji na kuifuta kabla haijakauka, ili ibaki kwenye mashimo tu. Kisha brashi kavu yenye rangi kidogo sana, unagusa kingo. Mwisho michirizi chini ya kila mdomo wa ukuta, mahali ambapo mvua ingetiririka kama ukuta ungekuwa umesimama miaka elfu. Dawa iko kwenye hiyo michirizi. Nguzo zangu zilikuwa nyeupe pe, kama zimetoka kiwandani asubuhi ile, na sasa nilielewa kwa nini kwenye picha huwa zinaonekana kama keki.

Halafu alituambia kuhusu kazi yake nyingine. Kama watu wengi wa Ouarzazate, ameshakuwa ekstra, mwigizaji wa kujaza umati. Amekuwa askari wa Kirumi, mtumwa wa Misri, mfanyabiashara wa Yerusalemu. Filamu kubwa ikija, mji mzima una kazi: wenye farasi, washonaji, wapishi, mafundi seremala, vinyozi. Isipokuja, wanangoja. Mke wa Kiholanzi akamuuliza kama amewahi kuigiza Mmorocco. Alifikiri kidogo, akasema bado.

Mimi nilikumbuka Black Hawk Down, ya mwaka 2001. Mogadishu tunayoiona mle si Mogadishu. Ilipigwa Morocco, Rabat na Salé, mbali huko pwani ya Atlantiki. Mtu wa Afrika Mashariki akiitazama huwa anahisi kitu hakijakaa sawa, mwanga labda, au nyumba. Kijana alisema ndivyo kazi ilivyo: watazamaji wanaopajua mahali huwa wachache kuliko wasiopajua, na filamu inatengenezwa kwa ajili ya wengi. Hilo limenikaa kichwani, kwa sababu kazi yangu ni kinyume chake. Ukumbini kwangu hakuna kamera moja iliyosimama mahali pamoja. Kuna simu mia tatu, na shangazi wa bwana harusi anayezunguka nyuma ya kila kitu. Nusu ya nguzo hainisaidii. Nyuzi na michirizi ndiyo nitakayoiba.

Tukiwa na basi kubwa, hayo yasingetokea. Niliwaona wa basi kubwa: mwongozaji mbele na kipaza sauti, jabali juu, kicheko, ndege, kicheko, mlangoni. Hakuna aliyezunguka nyuma.

Taourirt, kasri la ukoo wa Glaoui katikati ya mji, tuliligusa tu. Vyumba vyenye dari za mwerezi zilizopakwa rangi, ngazi nyembamba, na dereva nje akitazama saa. Ng'ambo ya barabara kuna makumbusho ya sinema ambayo hatukuingia kabisa. Ratiba ya siku moja inaonewa na barabara: ukishatoa saa nne za kwenda na nne za kurudi, na chai, na mchana, kinachobaki kinagawanywa vipande, na kila kipande kinakuacha mlangoni. Kwa anayetaka picha na kusema amefika, inatosha. Mdogo wangu, kwa mfano, aliridhika na Aït Benhaddou na njia ya mlimani, na alisema studio ingekuwa bonasi kama kusingekuwa na jua.

Kwa anayefanya kazi ya mikono ya aina yoyote, mimi ningemwambia apande kigari cha asubuhi lakini alale Ouarzazate. Nyumba za wageni zipo za kila bei. Aende studio mlango unapofunguliwa, mwanga ukiwa bado chini, amwombe mwongozaji aliyewahi kubeba ndoo, na amlipe bakshishi ya maana mkononi mwake. Kama kuna filamu inapigwa, sehemu nyingine zitafungwa, basi aende Taourirt kwanza. Kijiji cha udongo akiache kwa alasiri, mabasi yakishaondoka, na dereva wa kumrudisha Marrakech ampange mapema, kwa bei iliyokubaliwa kabla ya kupakia mizigo.